Uso wa Namba Tisa

Kazini wananiita Bibi Faili, na wanadhani sisikii. Nasikia. Nimekaa dirisha namba nne miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyopotea mikononi mwangu. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mtu wa ovyo. Sikuwa mtu wa ovyo. Nilikuwa na kiburi, na hilo nalikubali.

Dirisha langu ni la watu wanaotafuta ndugu zao wa kiume. Wa kike wana dirisha namba tano. Mtu huja, huandika jina lake kwenye daftari, hukaa kwenye kiti cha plastiki, nami namgeuzia skrini ya kompyuta. Tunapitia pamoja orodha ya maiti wasiojulikana walioko chumba cha maiti cha hospitali kuu, mwendo wa saa nzima kwa basi kutoka ofisini kwetu. Kila maiti ana namba, na picha ya uso, shuka limemfika kidevuni. Chini ya picha kuna maelezo machache: umri wa kukadiria, nguo, mahali alipookotwa. Orodha mpya huja siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi. Mwezi ukiisha, wale ambao hakuna aliyewajua naandika mbele ya kila namba "hakutambuliwa", natia sahihi, nao wanazikwa kwenye kiwanja nyuma ya hospitali, kila mmoja na kigingi chake chenye mwezi na namba.

Anayeitengeneza orodha ni mhudumu wa chumba cha maiti, bwana mmoja mpole ambaye hata wakubwa wake humwita Baridi. Kwa miaka mingi tulizungumza kwa simu tu. Sikuwahi kumwona.

Mwanzoni mwa mwaka ule tuliletewa kompyuta mpya, mimi na yeye, zilizopangwa na fundi mmoja kwa namna moja. Hata folda zilikuwa na majina yale yale: ukifungua diski ya D unakuta folda inayoitwa Picha. Orodha ya mwezi wa kwanza Baridi alimpa dereva wa hospitali aniletee kwa flashi, waraka pamoja na picha zake ishirini na tatu, nikazinakili ndani ya folda ya Picha kama fundi alivyotuelekeza. Baada ya hapo flashi zikapigwa marufuku kwa sababu ya virusi. Kuanzia mwezi wa pili waraka ulikuja peke yake kwa barua pepe. Niliufungua, picha zikajitokeza zote, safi, kila moja mahali pake. Sikuwa na sababu ya kuuliza kitu.

Mwezi wa nne kaka yangu akapotea.

Ni seremala, na ni mkubwa wangu kwa miaka miwili. Aliondoka Alhamisi kwenda kufunga milango ya shule mpya katika mji wa jirani, akasema Jumatatu atakuwa amerudi. Shuleni walisema alimaliza kazi, akaaga, akaondoka. Simu yake ikawa haipatikani, na hadi leo haipatikani. Tulizunguka vituo vya polisi mpaka askari wakaanza kutukwepa. Nilipitisha picha yake kwenye skana ya ofisi, nikachapa tangazo, nikalibandika kwenye dirisha langu na kwenye kila ukuta ulionikubalia. Mama, tunayeishi naye, aliacha kufunga komeo la mlango. Alisema Kaka atakuja amechoka na hatakuwa na nguvu ya kubisha hodi.

Basi kila siku ya kwanza ya mwezi nilikuwa nafika ofisini kabla ya mfagizi. Nilifungua orodha peke yangu, roho mkononi. Niliteremka na picha haraka haraka: siye, siye, siye. Sikutazama hao ni akina nani. Nilitazama kwamba si yeye, basi, nikaenda kwenye namba inayofuata. Maelezo ya chini sikuyasoma. Ukishaona uso si wa ndugu yako, shati lake linakuhusu nini? Nikimaliza nampigia Mama simu namwambia hayupo, Mama anamshukuru Mungu, nami nashusha pumzi na kufungua dirisha kwa ajili ya watu wengine.

Kuna jambo nililiona na nikalinyamazia. Kadiri miezi ilivyokwenda, nyuso zile zilianza kunizoea. Si mimi niliyezizoea; zilinizoea zenyewe. Namba nne, mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, nilikuwa nikimfikia nahisi kama alikuwa ananingoja. Namba kumi na moja alikuwa na shavu moja lililovimba, nami kila mwezi nilijua litakuwa limevimba kabla sijafika kwake. Nikajiambia hii ni kazi, imeniingia damuni. Mwezi wa nane mzee mmoja wa kofia, anayemtafuta mwanawe, aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hawa si wale wale niliowaona mwezi uliopita?" Nilimkata jicho. Nikamwambia maiti wote hufanana, na kama hana cha kufanya wenzake wako kwenye foleni. Akavua kofia, akaniomba radhi.

Siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja orodha ilikuja ndefu. Watu ishirini na sita. Tangu mwezi wa pili walikuwa kumi na wawili, kumi na saba, hawakuzidi ishirini. Niliketi, nikaanza kuteremka. Siye, siye, siye, mpaka ishirini na tatu. Nikabonyeza tena.

Ishirini na nne alikuwa Kaka.

Alikuwa anatabasamu. Kola ya shati lake la njano imekaa upande kama kawaida yake, na nyuma yake kuna pazia la sebuleni kwetu. Wenzake wote ishirini na tatu walikuwa wamefumba macho. Yeye aliyafumbua. Katika orodha nzima ya wafu, huyo ndiye aliyekuwa ananitazama.

Sijui nilikaa vile muda gani. Mfagizi alipita, akafagia chini ya kiti changu, akaniambia ninyanyue miguu, nikainyanyua. Kisha, kwa kuwa sikuweza kuendelea kuyatazama yale macho, nikasoma maneno yaliyokuwa chini yake. "Mwanamume, miaka sitini na zaidi. Mvi. Koti la mvua. Ameokotwa nyuma ya soko."

Nilisoma mara tatu. Namba ishirini na tano na ishirini na sita hazikuwa na watu kabisa, ila visanduku vitupu vyenye alama nyekundu ya mkasi. Nikampigia Baridi.

"Baridi, hii picha ya ishirini na nne umeitoa wapi?"

"Nimepiga mwenyewe, dada. Jana jioni."

"Anacheka."

"Nani anacheka?"

"Ishirini na nne. Macho yamefumbuka, na nyuma yake kuna pazia."

"Dada," alisema taratibu, "huku hatuna pazia."

Nikamwambia afungue orodha kwenye kompyuta yake. Nikasikia kiti kikiburutwa, kisha akasema ameifungua, na ishirini na nne ni mzee wa mvi, mdomo wazi, hana jino la mbele. Nikamwambia kwangu si mzee. Akaniuliza kama nimekula. Nilitaka kumjibu vibaya, ninavyojijua, lakini nikajizuia.

"Tuanze mwanzo," nikasema. "Namba moja unaona nini?"

"Kijana. Ana kovu linakata nyusi."

Kwangu namba moja alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

"Namba mbili?"

"Mweusi, mwembamba, kichwa kimenyolewa. Wewe unaona nini?"

"Mnene. Nywele anazo." "Namba nne ana masharubu?"

"Namba nne ni mtoto wa shule, dada. Hana hata ndevu."

Tulikwenda hivyo mpaka ishirini na tatu. Maneno yalikuwa yale yale. Akinisomea umri na nguo, nami nilikuwa nayo mbele yangu, herufi kwa herufi. Nyuso tu ndizo zilizokuwa za watu wengine. Ilikuwa kama vyumba viwili vya maiti vimewekwa kimoja juu ya kingine, wafu wa chumba changu wamewalalia wafu wa chumba chake, na maelezo ni ya hao wa chini. Baridi alianza kunong'ona, na mimi pia nikanong'ona, ingawa ilikuwa saa mbili asubuhi na jua limejaa dirishani.

Nilimwita fundi wa kompyuta kutoka ghorofa ya pili. Akateremka na kikombe chake cha chai, kijana mchangamfu anayemwita kila mtu shangazi. Alitazama visanduku vile viwili vitupu, akacheka.

"Shangazi, huu waraka haubebi picha."

"Hizi ninazoziona ni nini?"

"Unabeba anwani tu. Umeandikwa ndani: nenda diski D, folda ya Picha, chukua picha namba moja, iweke hapa. Sasa ukiufungua kwa Baridi, unakwenda kwenye folda ya Baridi. Ukiufungua kwako, unakwenda kwenye folda yako. Ni kama kumwambia mtu aingie chumba cha pili kushoto. Kila nyumba ina chumba cha pili kushoto, lakini anayelala humo si yule yule." Akanywa chai. "Ikikosa picha ya namba hiyo, inakuwekea kisanduku kitupu. Ikiipata, inakuwekea hiyo hiyo iliyoikuta. Yenyewe haijui sura ya mtu."

"Na kwangu imekuta zipi?"

Akaifungua folda. Picha ishirini na tatu za mwezi wa kwanza, zile za flashi, zimekaa pale tangu siku niliyozinakili. Chini yake moja zaidi, namba ishirini na nne, tarehe ya mwezi wa tano. Ile siku niliyopitisha picha ya Kaka kwenye skana. Skana yetu huhifadhi kila kitu kwenye folda hiyo hiyo na kujipa yenyewe namba inayofuata, na sikuwa nimeangalia, nilikuwa na haraka ya kuchapa tangazo.

"Tatizo dogo hili," fundi akasema. "Nitamfundisha Baridi kuzibandika picha ndani ya waraka wenyewe, zisafiri nao. Dakika mbili tu."

Nilimwambia aondoke mbele yangu. Alidhani natania. Aliponitazama usoni akachukua kikombe chake.

Nilibaki pale, na mambo yakawa yanaingia kichwani moja baada ya jingine, bila haraka. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nikiwaonyesha watu wafu wa mwezi wa kwanza. Watu hao walikuwa wamekwisha zikwa. Wake, baba, watoto, wote waliokaa kwenye kile kiti cha plastiki walitazama nyuso zile zile, wakasema hayupo, wakaenda nyumbani na matumaini niliyowapa mimi. Mzee wa kofia aliona kwa jicho moja kitu ambacho mimi, Bibi Faili, sikukiona kwa miezi kumi. Na Kaka. Tangu alipopotea nilikuwa nimemtafuta katika orodha saba, na katika orodha zote saba sikuwa nimemtafuta kabisa.

Nilifunga dirisha. Kwenye foleni walikuwepo watu wanne. Niliwaambia leo hakuna huduma, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja sikueleza sababu.

Nilipanda basi mpaka hospitali kuu. Chumba cha maiti kiko mwisho wa korido ndefu, na kabla yake kuna ofisi ndogo yenye meza moja na kompyuta ndugu ya ile yangu. Ukutani nyuma ya meza mashine za baridi zinaunguruma bila kupumzika. Baridi alikuwa mtu mrefu, amevaa sweta na skafu, na ingawa nje watu walikuwa wanatoka jasho, alinipa mkono wa baridi kweli. Alinivutia kiti karibu na chake.

"Mwezi wa tano," nikamwambia. Kaka alitoweka mwishoni mwa wa nne.

Akafungua. Orodha ya mwezi wa tano, watu kumi na wawili. Tukatazama wote wawili. Alinyoosha kidole mpaka kwenye picha ya tatu, akakigandisha hapo.

"Huyu aliletwa jana," alisema. "Nimemwosha jana, saa tisa. Anafanya nini mwezi wa tano?"

Akafungua mwezi wa sita. Namba tatu alikuwa yule yule wa jana. Mwezi wa saba, yeye tena, na kijana mwenye kovu la nyusi juu yake, na yule mtoto wa shule. Mwezi wa nane. Mwezi wa pili. Watu waliokuwa hai wiki iliyopita, waliopanda basi na kununua sabuni, walikuwa wamelala katika kila mwezi wa mwaka ule, wakiwa wamekufa tangu kabla ya mvua, na chini ya kila mmoja kuna nguo za mtu mwingine. Baridi alizidi kufungua na kufunga kama mtu anayefungua milango ya nyumba moja akitafuta kilipo choo.

"Kamera yako inaandikaje namba?" nikamuuliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Inaanza na moja kila mwezi. Nikihamisha picha, kompyuta inaniuliza, za zamani zipo, nibadilishe? Nabonyeza ndiyo." Akanigeukia. "Nilidhani za zamani ziko salama ndani ya orodha."

"Orodha hazikuwahi kuwa na picha, Baridi."

Mashine ziliunguruma. Nilihisi hasira ikipanda, nikatafuta wa kumtupia, na mle ndani tulikuwa wawili tu, yeye aliyebonyeza ndiyo na mimi niliyetia sahihi. Hasira ikashuka yenyewe.

Nilimwambia afiche zile nyuso. Hakujua namna ya kuzizima, kwa hiyo alichukua jalada tupu la karatasi ngumu akalishikilia juu ya skrini, akawa analiteremsha kadiri nilivyosoma, maneno tu yakibaki wazi. Nilisoma kwa sauti. Niligundua kwamba Baridi anaandika vizuri. Miezi yote ile alikuwa ananiandikia watu, mmoja mmoja, kwa uangalifu, nami nilikuwa napita juu yao. Namba mbili alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana, vyote vya mguu wa kushoto. Namba tano alikuwa na tiketi ya basi ndani ya soksi. Namba saba alikuwa ameandika namba ya simu kwenye kiganja, ikafutika isipokuwa tarakimu tatu.

"Namba tisa," nilisoma. "Mwanamume, miaka thelathini na tano hadi arobaini. Ameokotwa kando ya barabara kuu, amegongwa. Suruali ya jinzi, shati la kijani. Gundi ya mbao kwenye kucha. Mfuko wa nyuma: penseli bapa ya seremala, imechongwa ncha zote mbili, imefungwa uzi mwekundu katikati."

Kaka yangu huchonga penseli zake ncha zote mbili, kwa sababu ni mvivu wa kuzigeuza. Mama amemsema miaka na miaka, kwamba siku moja atajichoma tumbo. Uzi mwekundu huufunga ili wenzake wasimwibie. Huutoa kwenye kikapu cha ushonaji cha Mama, na Mama hujifanya haoni.

"Dada," Baridi alisema, na nikatambua nilikuwa nimeacha kusoma muda mrefu.

Vitu vya maiti hutunzwa mwaka mzima. Alikwenda akarudi na bahasha ya kaki iliyoandikwa mwezi na namba, akaifungua juu ya meza. Penseli ilidondoka, ikajiviringa kidogo, ikasimama kwa sababu ni bapa. Pamoja nayo kulikuwa na karatasi ya ruhusa ya kuzika. Chini ya neno "hakutambuliwa" kulikuwa na sahihi yangu, ile nzuri, yenye mkia mrefu, ambayo najivunia.

Nililia. Sina haja ya kupamba. Nililia mpaka Baridi akavua skafu yake akanipa, na ilikuwa na harufu ya dawa.

Nilipoweza kuzungumza nikamwonyesha picha ya Kaka kwenye simu. Nikamuuliza kama anamkumbuka. Aliichukua simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mikono naikumbuka," alisema. "Zile kucha nilizisugua gundi haikutoka. Lakini nyuso, dada, naziacha hapa hapa kazini. Nisipoziacha nitakuwa mwendawazimu."

"Siye?"

"Naweza kukwambia ndiye ili upumzike. Ila uso siukumbuki, na sitaki kukudanganya."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, na nilimchukia pia. Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyemwona, na hakuna mwingine. Askari waliomleta walileta mwili, hawakuleta mtu. Picha iliyopigwa ilidumu mwezi mmoja, kisha mtu mwingine akaja akalala juu yake kwa namba ile ile, halafu mwingine, na mwingine. Duniani kote hakuna mahali palipobaki sura ya Kaka ya siku ile.

Baridi alinipeleka kiwanjani. Vigingi viko kwenye mistari iliyonyooka, nyasi zimekatwa, pamefagiliwa. Alisimama mbali kidogo akaniachia nafasi. Nilikaa karibu na kigingi cha tano-tisa mpaka jua likanichoma shingo, nikamweleza Kaka jinsi ilivyotokea, anwani na folda na yote, na hata mimi mwenyewe nilisikia jinsi lilivyo jambo la kijinga.

Nyumbani nilifika alasiri. Mama alikuwa kwenye ngazi ya mlangoni, amekaa na kikapu chake, anashona kifungo. Aliniona nimerudi mapema. Akaona bahasha. Nilikaa ngazi ya chini yake, nikaitoa penseli, nikamwekea kiganjani, naye akaupitisha uzi mwekundu kati ya vidole, mbele na nyuma, kama anayepima ubora wake.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia pamefagiliwa, na kuna mtu mwema anayepatunza, na kwamba huyo huyo ndiye aliyemwosha. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza na lile jingine, kwamba ni mimi, kwamba sahihi ni yangu. Nilikuwa nimelipanga njia nzima ndani ya basi. Lakini alinitangulia.

"Picha yake iko kwenye hiyo kompyuta yenu?"

"Ilikuwepo, Mama."

"Umemwona? Uso?"

Aliniangalia, na nikajua anachoniuliza. Mtoto wake aligongwa na gari, akabaki kando ya njia peke yake. Miezi sita alikuwa ameacha mlango bila komeo, na sasa nilikuwa nimeufunga. Alitaka kitu kimoja tu cha kuweka mahali pa huyo aliyekuwa anamngoja.

Na mimi sikuwa nacho. Nilipojaribu kumwona Kaka kama alivyolala siku ile, ulinijia uso mmoja tu, ule niliouona kila mwezi kwenye namba tisa, nikaupita nikisema siye. Mtu wa mwezi wa kwanza, sijui ni nani, sijui nani anamtafuta. Naujua kuliko ninavyoujua uso wangu.

"Nimemwona," nikasema.

"Alikuwaje?"

"Ametulia, Mama. Hana jeraha usoni. Paji la uso limelainika, kama mtu aliyemaliza kazi. Macho amefumba vizuri. Mdomo umeachama kidogo upande wa kulia, unaona ncha ya jino."

"Kama anataka kusema kitu?"

"Kama anataka kusema kitu."

Mama aliishika penseli kifuani kwa mikono miwili. Akafumba macho, akaniomba nianze tena, polepole, ili amwone vizuri.